Mnavu wa Mwezini

Pale Kihesa, Iringa mjini, watu husema Mwalimu Tumpe akikanyaga ukoka, ukoka unanyauka. Ni uongo, ukoka haumwogopi mtu. Lakini mchaichai aliopewa na jirani yake Esnath ulikufa, na mchaichai una kiburi, hata ukiuchoma moto unarudi. Sukumawiki zake zilikufa. Mparachichi alioupanda siku alipozaliwa binti yake Lea ulisimama miezi michache, ukatafakari, ukaghairi. Majirani wenye miche mipya wakimwona anakuja kusalimia, huisogeza nyuma ya nyumba kwanza, ndipo huitikia salamu.

Na huyu ni Mnyakyusa, jamani. Alizaliwa Iyunga, Mbeya, na kwa babu yake ni Rungwe, huko ambako ukichomeka fimbo ardhini leo, usishangae kesho kutwa ukiikuta ina majani. Migomba inajiotea, magimbi yanajiotea, mvua haijui likizo. Ndiyo maana hakuna aliyemfundisha kulima, kwa sababu kwao hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kulima ni jambo la kufundishwa.

Ukweli ni kwamba mkono wake haukuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwenye subira, maana hakuwa nayo hata ya kulambisha kidole. Akifukia mbegu leo, kesho asubuhi utamkuta amechuchumaa hapo na kijiti, anafukua aone kama imeota. Haijaota, anairudisha na kuimwagia maji ya kuiamsha. Kesho kutwa anafukua tena. Mbegu gani itaota kwa usumbufu huo? Hata wewe usingetoka. Na ndivyo alivyo katika kila kitu: wali wake una maji maji kwa sababu hawezi kuacha kufunua sufuria, na ukianza kumsimulia habari atakumalizia yeye, tena vibaya.

Aliolewa na Clement Kikoti, seremala wa Mlandege, Mhehe mpole anayetoa maneno kama mtu anayehesabiwa kila neno. Clement hakuwa na neno juu ya mchaichai. Mwenye neno alikuwa mama yake, Faustina, mjane wa Tanangozi, kule barabara ya kwenda Mbeya, ambaye vinyungu vyake vinajulikana bonde zima. Vinyungu ni yale mashamba madogo ya bondeni yanayolimwa kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha lakini unyevu ungali chini. Katika ukoo ule siku ya kupanda ni siku kubwa. Faustina huketi kichwani mwa shamba na beseni la mbegu mapajani, na wakamwana wake humpitia mmoja mmoja, kila mmoja amekinga viganja viwili. Anayetiliwa mbegu viganjani ni wa nyumba ile, hata kama jana tu ndiyo alishuka kwenye basi na begi lake.

Mwaka wa kwanza wa ndoa Tumpe alitiliwa. Akapanda mstari wake vizuri kabisa. Siku ya tatu Faustina alishuka bondeni alfajiri akamkuta bi harusi ana kijiti mkononi na mstari mzima umefukuliwa, maharage yamepangwa juu ya tuta kama yanaota jua. Faustina hakugomba. Aliguna tu, akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata, Tumpe alipokinga viganja, mama mkwe alimwambia kwa upole, "Mama Lea, wewe tupikie."

Tangu hapo kila kiangazi Tumpe alipika. Wenzake wakiinama bondeni na kuimba, yeye alikuwa juu kwenye moshi, anasonga ugali wa watu wote. Alicheka, alitania, alipeleka chakula shambani akijiita mama ntilie wa ukoo. Lakini ilimuuma. Ilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote, hata Clement, kwa sababu alijiona mgeni asiyeisha ugeni.

Mwaka jana akajikaza, akauliza ni lini na yeye atapewa mbegu. Faustina akafikiri, maana hakuwa mtu wa roho mbaya, akamjibu: "Niletee maharage uliyoyaotesha kwa mkono wako, toka mbegu mpaka ganda. Hata ganda moja. Siku hiyo unakinga viganja."

Ganda moja tu. Tumpe akarudi Kihesa akanunua mbegu, na katika miezi iliyofuata akaua maharage ya kutosha kulisha kwaya ya kanisa.

Sasa, mwezi uliingiaje hapa? Uliingia kwa mdomo wa Goodness. Goodness ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari anakofundisha Tumpe, mwenyekiti wa klabu ya sayansi, binti mwembamba mwenye macho ya hakimu. Alikuwa amesoma kwamba wanasayansi wa ng'ambo waliwahi kuotesha mmea kwenye udongo halisi ulioletwa kutoka mwezini, ukaota, ingawa kwa taabu. Akauliza klabuni kwa nini wao wasijaribu maharage. Wenzake wakataka kujua udongo wa mwezi unauzwa duka gani. Goodness akawaeleza kwamba wasio nao husaga mawe ya volkano, maana yanakaribiana nao.

Tumpe, mlezi wa klabu na mwalimu wa jiografia, alikuwa ameketi nyuma anasahihisha madaftari. Aliposikia volkano akasimama. Volkano ni kwao! Akawahutubia vijana kuhusu Rungwe na mawe yake meusi mpaka kengele ikalia, na jioni ile ile akampigia simu kaka yake Jailos kule Iyunga amtafutie gunia moja. Jailos ni mtu asiyeuliza sana. Akapakia gunia kwenye basi, na kondakta alipotaka kujua limebeba nini, akamjibu ni mwezi. Kondakta akamwambia mwezi ukae chini kwenye buti.

Ukitaka kuujua utani wa Iringa, pokea gunia la mawe stendi mchana kweupe. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe. Majabali yapo nyuma ya nyumba, mbele ya nyumba, mengine makubwa kuliko nyumba, na hapa mwalimu, tena wa jiografia, anaagiza mawe kutoka Mbeya! Habari ilifika Kihesa kabla yake. Wiki nzima watu walimwuliza kama kwao wanaagiza ndizi kutoka Iringa.

Vijana wakayaponda yale mawe kwa nyundo juu ya kipande cha reli, wakayachekecha mpaka yakawa unga wa kijivu, kisha wakaukaanga unga kwenye karai juu ya mkaa ili usibaki na uhai hata wa mdudu. Waliopita nyuma ya jiko la shule wakauliza kinachokaangwa, wakajibiwa ni mwezi. Makopo walipewa na Taher, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mlandege, yale matupu ya rangi. Taher, ambaye kila mwaka hubishana na wenzake wa msikitini kuhusu mwezi umeonekana au haujaonekana, alimwambia Tumpe kwa uso mkavu kwamba ukiandama klabuni kwake wampe taarifa mapema, wasije wakafunga bure.

Mpango ulikuwa mwepesi. Makopo nusu yatiwe udongo wa Kihesa, nusu yatiwe mwezi. Mbegu zile zile, maji yale yale kwa kikombe kile kile, na zaidi ya maji hakuna kitu. Tumpe aliomba apande yeye yale ya mwezini. Aliomba kwa namna ambayo Goodness alishindwa kumkatalia, na vijana wakamwangalia mwalimu wao anafukia kila mbegu kwa kidole kama anayemlaza mtoto. Kichwani mwake alikuwa anasikia sauti moja: hata ganda moja.

Kesho yake asubuhi Goodness alimkuta amechuchumaa mbele ya makopo na kalamu ya risasi. Kopo la kwanza lilikuwa limeshafukuliwa.

"Madam," Goodness alisema, "mwezini hakuna mtu wa kufukua."

Makopo yakahamishiwa stoo ya maabara, ikafungwa kufuli, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Goodness. Mwalimu akitaka kuona, aangalie dirishani. Nikwambie, walimu wenzake walicheka mpaka chai ikawapalia. Lakini ndivyo ilivyokuwa: asubuhi, mchana na jioni Tumpe alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo cha stoo. Na kwa kuwa hakuna aliyezisumbua, mbegu zikafanya kile ambacho mbegu hufanya. Siku moja akaona shingo za kijani zimejikunja juu ya ule unga wa kijivu. Alibaki pale dirishani kipindi kizima, machozi yanamtoka, kidato cha pili wanamngoja na ramani zao.

Furaha haikukomaa. Maharage ya Kihesa yakanenepa. Ya mwezini yakatoa vijani viwili vitatu, yakadumaa, yakaanza kugeuka njano. Goodness aliridhika kabisa, kwa sababu ndivyo alivyosoma. Tumpe alikuwa hali chakula vizuri.

Ikaja likizo ya Juni na baridi yake. Shule inafungwa, stoo inabomolewa paa, nani atayamwagilia? Ikabidi makopo yaende nyumbani kwa Tumpe, na Goodness akakosa usingizi kwa wazo hilo. Alipoyapeleka ndipo akaona wokovu wake umekaa barazani: Faustina, aliyekuja mjini kutibiwa magoti, angekaa pale mpaka shule zifunguliwe. Binti akamsalimia kwa heshima zote, akamkabidhi kikombe, akamweleza maji kiasi gani na saa ngapi, kisha akamweleza lile kubwa, kwamba mwalimu asiguse. Faustina alifurahi mno. Kazi ya kumlinda mkamwana asiharibu mimea alikuwa ameifanya bila kutumwa miaka yote.

Basi Tumpe akawa mtuhumiwa nyumbani kwake. Mama mkwe aliketi barazani, fimbo mapajani, na Tumpe akitoka kuanika nguo fimbo ilijisogeza kidogo. Aliapa kwa jina la Bwana kwamba hagusi, na kweli hakugusa. Makopo ya mwezini yalipangwa karibu na mlango wa jiko, isipokuwa moja lililokosa nafasi likawekwa nyuma ya pipa la maji. Kila jioni Faustina aliyapitia, akayainamia yale manjano, akaguna.

Shule zikafunguliwa, na hapo mambo yakageuka. Goodness alipokuja kuchukua makopo alisimama barazani mdomo wazi. Mwezi ulikuwa umestawi! Majani mapana, ya kijani kizito, yanayapita hata yale ya Kihesa. Kimmea cha kopo la nyuma ya pipa tu ndicho kilichokuwa vile vile, kifupi, njano, kinatia huruma. Faustina alikuwa ameshapanda gari la Tanangozi siku mbili nyuma, akisema kinyungu kinamwita.

Shule nzima ikavimba kichwa. Mkuu wa shule aliyatangaza mstarini, na ikaamuliwa klabu iende Mbeya kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za nyanda za juu. Tumpe alimpigia Jailos akampa habari za mawe yao, na Jailos akaahidi kuleta nusu ya Iyunga ije kushuhudia. Lakini furaha yake ya kweli ilikuwa nyingine. Maua yalishaanza kutoka. Maua ni maganda. Alipanda yeye, kwa kidole chake, na sasa mkono mbaya ulikuwa umeshinda hata mwezi. Alijiona kabisa amekinga viganja.

Halafu ukaota mnavu.

Mche mmoja kwanza, kisha ukawa kwenye makopo matatu, umechungulia kati ya maharage bila hodi. Klabu ilipagawa. Hakuna aliyepanda mnavu! Kijana mmoja akasimama juu ya benchi akatangaza kwamba wamegundua uhai mwezini, na kwamba uhai wenyewe ni mboga. Wengine wakaanza kubishana ugunduzi huo uitwe kwa jina la nani. Tumpe alisogea kwenye kopo. Alichota udongo kwa ncha ya kidole, akaunusa, akaunusa tena.

Jiwe lililokaangwa kwenye karai halioteshi mnavu. Mnavu huota pale kuku alipokula yale matunda yake meusi na baadaye akapita. Na ule udongo ulinukia banda. Tumpe hafugi kuku. Jirani yake Esnath anao wengi, na banda liko hatua chache tu kutoka mlango wa jiko. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Goodness alikuwa amemsoma usoni. Akauliza kwa sauti ndogo kama ni bibi. Tumpe akaweka kidole mdomoni, akamwomba ampe mpaka Jumatatu.

Tatizo ni kwamba mama mkwe haulizwi. Utamwambiaje mama wa mume wako kwamba ameiba, tena kwa kutia badala ya kuchukua? Tumpe aliwaza, kisha Jumamosi akaing'oa ile miche ya mnavu kwa uangalifu, akanunua sukari na sabuni kama mkamwana mwenye adabu, akashuka Tanangozi. Akasalimia, akaulizwa ya mjini, akajibu, akaingia jikoni. Mchana alipopakua ugali, aliweka mbele ya Faustina kisahani cha chai chenye mboga isiyojaza kijiko.

Faustina alikiangalia kile kisahani, akamwangalia mkamwana wake. Akamega tonge, akachovya, akatafuna polepole.

"Mnavu huu wa wapi?"

"Wa mwezini, mama."

Faustina akaendelea kutafuna. "Kumbe mwezini kuna kuku," akasema mwishowe.

"Ndiyo nilitaka kukuuliza, mama."

Mabega ya yule mama yakaanza kutikisika, na Tumpe naye akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili mpaka Faustina akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akakiri yote. Alivumilia siku kadhaa, akasema, lakini kila akiketi pale barazani yale majani ya njano yalikuwa yanamtazama. Akaenda kwa Esnath, akaomba samadi, akaikausha, akaichekecha, akatia kidogo kidogo wakati Tumpe yuko sokoni. Katika maisha yake hakuwahi kuacha mmea ufe njaa mbele yake, na magoti mabovu hayakuwa sababu ya kuanza.

"Sikukuonea huruma wewe," akafafanua, ili mkamwana asijipe kichwa. "Niliyaonea huruma maharage."

Kisha akasogeza kisahani pembeni, na aliposema tena sauti ilikuwa nyingine. Alisema magoti yamemchoka. Alisema hawa wengine wanajua kupanda, lakini hakuna anayekitaka kinyungu mpaka kikamnyima usingizi, na yeye alikuwa amesikia kwa mtoto wa shule kwamba kuna mtu alibandika uso dirishani muhula mzima. Yale maharage yana maua, yatatoa maganda.

"Uniletee," akasema. "Mimi nitafumba macho. Utakinga viganja kama wenzako."

Kitu alichokililia Tumpe miaka yote, hicho hapo, kimewekwa mbele yake pamoja na ugali. Hakuna ambaye angejua. Goodness angenyamaza akiombwa, na hata asingenyamaza, Tanangozi nani angemsikia? Alitamani kusema ndiyo mpaka ulimi ukauma.

"Yale umeyalea wewe, mama," akasema. "Ukinipa mbegu kwa ajili ya yale, utakuwa umejipa mwenyewe."

Faustina akamwangalia. "Basi huna kitu."

"Kuna kile cha nyuma ya pipa."

"Kile?" Yule mama akashangaa kwa dhati. "Kile nilikiacha kwa kuwa kilishakufa. Nisingepoteza samadi."

Mbeya walikwenda. Goodness alishasikia yote, na hakuwa mtu wa kuficha matokeo. Aliyapanga makopo mezani sawasawa: ya Kihesa upande mmoja, ya mwezini yaliyostawi upande wa pili yakiwa na kibao alichokiandika kwa herufi kubwa, HAYA YALIFIKIWA NA BIBI, na katikati, peke yake, kile cha nyuma ya pipa. Kilikuwa hakizidi kiganja kwa urefu. Kilikuwa na majani ya kuhesabika, njano yenye zambarau pembeni, na chini ya jani moja kulikuwa na kiganda chembamba ambacho ungedhani ni uzi.

Watu walijaa pale kuliko meza nyingine yoyote, na wote walikuwa wanasoma kibao wakicheka. Jaji mmoja, mama mwenye miwani, akauliza kama tatizo kubwa walilokutana nalo katika utafiti lilikuwa hewa, maji, au madini. Goodness akafikiri kwa haki, akajibu kwamba lilikuwa bibi. Jailos, aliyekuja na wajomba na mashangazi wa Iyunga waliovaa za kanisani, alikiinamia kile kimmea akaona aibu waziwazi. Akamvuta dada yake pembeni, akamwuliza kama mawe yote yale yalitoa hicho tu.

"Hicho hicho," Tumpe akasema, na akajikuta anajivuna.

Ushindi ulikwenda kwa shule iliyounda mashine ya kupukuchua mahindi. Klabu ilirudi Iringa na cheti cha kushiriki na njaa ya safari. Lakini kazi ya Tumpe haikuwa imekwisha, ilikuwa ndiyo inaanza, maana ganda lilikuwa bichi, na ganda bichi halina mbegu. Lilipaswa kungojwa. Likarudishwa stoo, kufuli juu, ufunguo shingoni. Tumpe alirudi dirishani, mikono ameikunja nyuma, na safari hii hakuomba ufunguo hata mara moja. Walimu waliacha kumcheka. Clement, ambaye haongei, alimwambia usiku mmoja kwamba wali umeiva vizuri siku hizi.

Ganda likakauka, likawa na rangi ya karatasi ya kaki. Goodness akamvulia ufunguo, akamwambia, "Madam, leo unaweza kugusa."

Siku ya kupanda, bonde la Tanangozi lilikuwa na ukungu. Wakamwana walikuwa wamekusanyika, Faustina ameketi kichwani mwa shamba na beseni lake. Tumpe alipita jikoni bila kusimama, akashuka mpaka chini, akachuchumaa mbele ya mama mkwe na kufungua leso. Faustina akalichukua lile ganda, akalipasua kwa ukucha. Zikatoka punje mbili, moja nzima, moja imesinyaa kama uso wa kizee. Akaziweka kwenye kiganja chake mwenyewe akaziangalia.

"Kwenye jiwe," akasema. "Bila kitu."

"Na maji tu, mama."

Faustina akazitupa zile punje mbili ndani ya beseni, akakoroga mbegu zote kwa mkono mpaka hakuna ambaye angeweza kuzitambua tena. "Kinga," akasema.

Tumpe akakinga. Mbegu zikamwagika viganjani mwake, baridi, nzito kuliko alivyokuwa akizikumbuka, na akalia mbele ya wakamwana wenzake bila kujificha. Faustina akamwacha alie kidogo, kisha akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kupanda. Palikuwa pembeni kabisa, kwenye kona ya changarawe ambayo hata mbuzi huizunguka.

"Kule kwenye mawe," akasema. "Si umeshazoea?"

Bonde zima likacheka, na yeye akacheka na makamasi yake. Kona ile sasa inaitwa Mwezini. Hata watoto wanaotumwa kufukuza ndege huambiwa waanzie Mwezini.

Alipanda, akasimama, akafuta mikono, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Kihesa alikaa anajishika. Hakupiga simu. Alisahihisha madaftari, akafua hata nguo zilizokuwa safi, na Clement akamtengenezea kigoda kipya ili awe na kitu kingine cha kutazama. Mpaka Jumapili moja baada ya ibada simu ikaita, na sauti ya Faustina ikasema neno moja tu, aje.

Alikuta kona imechipua. Si yote. Palikuwa na mapengo mengi, na miche mingine ilikuwa imejikunja kama inayojutia kutoka. Lakini ilikuwa mistari, mistari yake, ya kijani kwenye changarawe. Faustina alisimama juu ya tuta, ameegemea fimbo, na miguuni mwake palikuwa na ndoo ya samadi ya kuku, imekaushwa na kuchekechwa laini.

"Mama," Tumpe akasema, "safari hii hakuna jaji."

"Ndiyo maana nimekuita." Yule mama akaisukuma ndoo kwa fimbo, ikaburuzika mpaka mbele ya mkamwana wake. "Tia mwenyewe."

Tumpe akavua viatu vya kanisani, akakunja mikono ya gauni, akachota.